Kijana Aliyechelewa Sekunde Isiyotimia

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako wa kushoto, chini kidogo ya kidole gumba, utulie mpaka uyahisi mapigo ya moyo. Du. Du. Muda ule mdogo kati ya pigo na pigo, kwa mtu aliyetulia, ni kama sehemu 8 za kumi za sekunde. Hata jina lako na la baba yako hulimalizi kulitaja. Basi ni kwa ajili ya muda mdogo kama huo kwamba mwanzoni mwa mwaka 1796 kijana mmoja aitwaye David Kinnebrook alifukuzwa kazi, na ni kutokana na kufukuzwa kwake kwamba ninayo hadithi ya kukupa: jinsi watu walivyothubutu kuipima akili, kama fundi seremala apimavyo ubao, na jinsi ilivyozaliwa elimu tunayoiita saikolojia.

Kinnebrook alikuwa msaidizi katika kituo cha kuangalia nyota cha Greenwich, juu ya kilima karibu na mto Thames, Uingereza. Greenwich unaijua hata kama hujawahi kuisikia. Redioni wakikutajia muda kwa saa za Afrika Mashariki, wamechukua saa ya Greenwich wakaongeza saa tatu. Enzi zile wenye kuitegemea zaidi walikuwa mabaharia. Nahodha akiwa katikati ya bahari kuu, haoni mnazi wala kisiwa, aliinua macho mbinguni, akafungua kitabu cha majedwali kilichopigwa hesabu kutokana na kazi ya Greenwich, akajua yuko wapi. Jedwali likikosea, chombo kinapanda mwamba. Ndiyo maana mkuu wa kituo, Nevil Maskelyne, mwanafalaki wa mfalme, hakuwa na mzaha na kazi yake.

Na kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya darubini zilitandikwa nyuzi nyembamba zilizosimama wima. Nyota ilionekana ikisogea polepole kuufuata uzi. Mtazamaji aliangalia saa ya ukutani, akaishika sekunde kichwani, kisha akarudisha jicho kwenye darubini huku akihesabu mlio wa saa kwa sikio: ta, ta, ta. Kwa mlio huu nyota iko hapa, bado haijaufikia uzi. Kwa mlio unaofuata iko pale, imekwisha kuuvuka. Basi anakadiria: imevuka katika sehemu ya ngapi ya kumi ya sekunde ile? Jicho na sikio vinafanya kazi pamoja, na wanafalaki waliamini kwamba mtu makini hawezi kukosea zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi.

Mwanzoni hesabu za kijana na za mkuu wake zilipatana. Agosti 1795 Maskelyne akaona msaidizi wake anachelewa kwa nusu sekunde. Akamwonya. Badala ya kupungua, kosa likakua, hata kufika Januari likawa sehemu 8 za kumi. Maskelyne akaamua kwamba kijana amejizulia mtindo wake mwenyewe wa ovyo wa kutazama nyota. Akamwachisha kazi, na kisa chote akakiandika katika kumbukumbu za kituo.

Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo nami. Walikuwepo watu wawili, kila mmoja na jicho lake na sikio lake, na hawakukubaliana. Mmoja wao akaamua kwamba aliyekosea ni yule mwingine. Alijuaje? Hapakuwa na mtu wa tatu mle chumbani, wala chombo cha kuamua kati yao. Palikuwa na mkuu na msaidizi, basi.

Kumbukumbu zile zilikaa. Miaka kama 20 ikapita, zikamfikia mwanafalaki mwingine, Friedrich Bessel, katika mji wa Königsberg, ambao siku hizi uko Urusi na unaitwa Kaliningrad. Wengine waliokisoma kisa hicho walikiona ni umbea wa ofisini. Bessel alikiona ni fumbo. Mzembe hukosea huku na huku: leo anawahi, kesho anachelewa. Kinnebrook alikuwa akichelewa tu, tena baada ya kuonywa, tena akijua kibarua chake kiko hatarini. Bessel akaanza kujilinganisha na wanafalaki wenzake, watu wenye sifa Ulaya nzima, wakitazama nyota zilezile. Tofauti kati yao ikazidi sekunde moja nzima! Mabingwa walikuwa wakipishana zaidi kuliko mkuu wa Greenwich alivyopishana na kijana aliyemfukuza.

Kumbe kila mtu ana uchelewaji wake. Maskelyne alikuwa nao, Bessel alikuwa nao, wewe unao. Wanafalaki wakaanza kuupima, kila mtazamaji na tarakimu yake, wakawa wanaurekebisha katika hesabu kama mwenye duka anavyotoa uzito wa gunia kabla ya kuuza mchele. Wao kiu yao ilikuwa nyota, wakaishia hapo. Swali kubwa walilipita njiani: huo muda unapotea wapi? Kati ya jicho kuona na mtu kusema "nimeona", kuna nini?

Katika mji huohuo wa Königsberg, kabla ya Bessel, aliishi mwanafalsafa mkubwa sana, Immanuel Kant. Mwaka 1786 aliandika kwamba elimu ya nafsi haiwezi kamwe kuwa sayansi ya kweli kama fizikia, kwa kuwa hisabati haina pa kushika katika mambo yanayopita ndani yetu. Ukifikiri, utamwelewa. Jiwe utaliweka kwenye mizani. Kamba utaipima kwa mita. Wazo utalipima kwa nini? Mafundi na wanafalsafa, wazee na vijana, wengi walikubaliana naye.

Kisha mwaka 1849 akahamia Königsberg daktari kijana, Hermann Helmholtz, na vyura wake.

Helmholtz alitaka kujua habari husafiri kwa kasi gani ndani ya neva, zile nyuzi za mwilini zinazobeba hisia na amri. Mwalimu wake mwenyewe, Johannes Müller, alikuwa amefundisha kwamba jambo hilo huenda lisipimike kamwe, kwa jinsi lilivyo la kasi. Helmholtz akachukua msuli wa mguu wa chura pamoja na neva yake. Akaigusa neva kwa umeme karibu na msuli, akapima muda mpaka msuli ulipojikunja. Akaigusa tena, safari hii mbali kidogo na msuli. Msuli ukajikunja tena, lakini ukachelewa kidogo kuliko mara ya kwanza. Kuchelewa huko ndiko alikokuwa akikutafuta. Anajua umbali ulioongezeka, anajua muda ulioongezeka, kilichobaki ni kugawanya.

Jibu likawa takriban mita 30 kwa sekunde. Sauti hewani huenda zaidi ya mara kumi ya hapo. Mita 30 kwa sekunde ni kasi ya duma akiwa katika mbio zake kali, basi. Watu walioambiwa walitatizika, kwa sababu sisi sote tunajihisi kuwa papo hapo: nikitaka kuinua mkono, mkono umeinuka. Kumbe mtu akiguswa mguuni, habari inafunga safari kwenda kichwani, na amri nayo inafunga safari kurudi. Ndiyo maana siku hizi katika mbio za mita 100 kuna kanuni ambayo Ferdinand Omanyala wa Kenya anaifahamu vizuri: ukiondoka kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde tangu mlio wa kuanzia, umehesabiwa kuwa umetoka mapema. Mlio haujapata nafasi ya kufika miguuni kwako, wewe umebahatisha.

Baada ya chura, ilikuwa zamu ya watu. Huko Utrecht, Uholanzi, daktari wa macho Franciscus Donders alikuja na ujanja ambao mtoto wa darasa la pili angeuelewa, maana ni hesabu ya kutoa. Nakwambia: nitasema "ki", nawe ukisikia useme "ki". Napima muda wako. Kisha nakwambia: sasa nitasema ki, ka, ko au ku, sikwambii ipi, nawe urudie utakayoisikia. Masikio ni yaleyale, ulimi ni uleule, silabi ni fupi kama zile unazosomewa chekechea. Lakini mara ya pili unachelewa, kwa sababu safari hii ilikubidi utambue na uchague. Toa muda wa kwanza kutoka wa pili. Kilichobaki ni muda wa kutambua na kuchagua, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, na sasa kina tarakimu. Katika jaribio lake jingine, la kugusa mguu wa kulia au wa kushoto kwa umeme mdogo, kutojua mguu gani utaguswa kulimchelewesha mtu kwa takriban sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1868.

Sasa nikuletee mtu ambaye vitabu vyote vya saikolojia humtaja kwenye kurasa za mwanzo. Nampenda kwa sababu moja ambayo walimu huwa hawaisemi: shuleni alikuwa hafai.

Wilhelm Wundt alizaliwa mwaka 1832 katika kijiji cha Neckarau, karibu na Mannheim, Ujerumani, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Alikuwa mtoto wa kuota mchana. Mwalimu yuko ubaoni, yeye yuko kwingine kabisa. Alifeli akarudia darasa, na mwalimu mmoja akapendekeza kwamba kazi ya posta ndiyo ingemfaa. Kama nawe umewahi kuitwa jina lako mara tatu darasani bila kusikia, jua kwamba umetanguliwa. Huenda si bahati tu kwamba mtoto ambaye masikio yake yalikuwa wazi na bado hakusikia ndiye aliyekua akataka kujua usikivu ni kitu gani.

Alisomea udaktari, akawa msaidizi wa Helmholtz yuleyule wa vyura, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Heidelberg. Mwaka 1861, nyumbani kwake, Wundt alichukua saa ya pendulamu akaitengeneza upya. Pendulamu, ule uzito unaoning'inia ukiyumba huku na huku, ilipita mbele ya kipimo chenye alama, na ilipofika mahali fulani iligonga kengele. Swali lilikuwa jepesi: kengele inapolia, unaiona pendulamu iko wapi? Wundt akajitazamia mwenyewe. Kila alipojaribu, mahali alipoiona pendulamu hapakuwa mahali ilipokuwa kweli wakati kengele ilipolia. Kati ya kusikia na kuona palikuwa na pengo la takriban sehemu moja ya nane ya sekunde. Akili haikuweza kuvishika viwili kwa mkupuo. Ilishika kimoja, kisha ikageukia cha pili.

Umekiona nilichokiona? Jicho na sikio. Mlio wa saa na nyota inayosogea. Wundt alikuwa amekaa tena mahali pa Kinnebrook, miaka 65 baadaye. Tofauti ni kwamba safari hii kosa lenyewe ndilo lililokuwa nyota.

Mwaka 1874 alichapisha kitabu kikubwa ambamo alitangaza waziwazi kwamba anataka kuanzisha uwanja mpya wa sayansi. Mwaka uliofuata akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Leipzig. Alikuja na vyombo vyake, na chuo kikampa chumba cha kuviweka katika jengo la Konvikt. Chumba cha stoo, mwanangu. Ilipofika mwisho wa mwaka 1879, wanafunzi wawili walianza kufanyia utafiti mle: Max Friedrich, Mjerumani, na G. Stanley Hall, Mmarekani. Hapakupigwa ngoma wala kukata utepe. Lakini wengi wamekubaliana kuuhesabu mwaka huo kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa saikolojia kama sayansi inayojitegemea.

Ungeingia mle ndani ungeona meza, nyaya, betri, na chombo kilichofanana na saa kubwa kilichoweza kupima sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kijipira kinaangushwa juu ya kibao: tap! Mtu aliyekaa, kidole kwenye swichi ya telegrafu, anabonyeza mara tu asikiapo. Kisha tena. Kisha tena. Mara nyingine alitakiwa abonyeze punde asikiapo. Mara nyingine asubiri mpaka awe amekitambua alichokisikia. Ni kazi ya kuchosha, nakubali. Lakini angalia nani anapimwa. Aliyekaa na kidole kwenye swichi asubuhi, mchana ndiye anayeangusha kijipira. Na profesa mwenyewe, mwenye kitabu chake kikubwa, alikaa kwenye kiti naye akapimwa kama wengine. Mle chumbani hapakuwa na Maskelyne.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi sifa impate Wundt, si Helmholtz wala Donders? Wamarekani nao husema kwamba profesa wao William James wa Harvard alikuwa na vyombo vya majaribio tangu 1875. Mimi naona hivi. Waliotangulia walifukia mbegu, kila mtu kwa wakati wake, kisha wakarudi kwenye kazi zao za macho, neva na nyota. Wundt ndiye aliyeijengea elimu hii nyumba. Alianzisha jarida la kuchapisha matokeo, akasimamia tasnifu za udaktari zaidi ya 180, na vijana wakaja kutoka nchi mbalimbali, wakarudi makwao kufungua maabara za kwao. Hall alipofika Marekani alifanya hivyohivyo.

Wapo pia waliofanya makubwa bila nyumba. Hermann Ebbinghaus hakuwa na maabara wala msaidizi. Alikutana na kitabu kilichotumika, cha mwanafizikia Gustav Fechner, kuhusu kupima hisia kwa hisabati, akajiuliza kwa nini kumbukumbu nayo isipimwe. Akatunga silabi zisizo na maana zipatazo 2,300, akajifungia akazikariri mwenyewe, kisha akapima kiasi alichosahau. Mwaka 1885 alitoa matokeo. Akijifunza upya orodha baada ya saa moja, aliokoa chini ya nusu ya kazi ya mwanzo. Baada ya siku moja, kama theluthi. Baada ya mwezi mzima, kama sehemu moja ya tano. Ukitazama vizuri utaona kwamba kinachopotea kinapotea haraka mwanzoni, kisha kusahau kunapunguza mwendo. Mwanafunzi anayepitia somo lake jioni ya siku ileile analiwahi likiwa bado lipo; anayesubiri wiki ya mtihani anaanza karibu upya. Hilo aliligundua mtu mmoja, peke yake, kwa kujitesa na maneno yasiyo na maana.

Wundt mwenyewe alijua chumba chake kina mipaka. Lugha, mila, dini, ngano ambazo bibi anamsimulia mjukuu, alisema hizo hazipimiki kwa kijipira na swichi, maana haziishi ndani ya mtu mmoja. Akaziandikia vitabu kumi, na alikuwa bado kwenye kazi hiyo karibu na kifo chake mwaka 1920.

Wengine waliokuja baadaye hawakuijua mipaka hiyo, na hapa hadithi inafika kwetu. Nairobi, katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, palikuwa na msimamizi aitwaye J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo aliifananisha na ya Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha maandishi yake kuhusu Mau Mau, watu waliokuwa wakipigania ardhi na uhuru wao, akawaeleza kama tatizo la nafsi. Linaniuma kila ninapolikumbuka. Alikaa na watu wetu miaka mingi, akatazama, akaandika, na hakuwahi kuuliza uchelewaji wa jicho lake mwenyewe ni sekunde ngapi. Daktari Mnigeria, Thomas Adeoye Lambo, alimpinga. Na hakumpinga kwa maneno tu: kule Aro, Abeokuta, aliwaweka wagonjwa katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao, wakilima, wakipika na kutibiwa kama watu miongoni mwa watu.

Jengo la Konvikt halipo tena. Lakini chombo cha kuanzia unacho kwenye mkoba wako.

Chukua rula ya sentimita 30 umtafute rafiki. Mwambie aweke mkono ukingoni mwa dawati, kidole gumba na cha shahada viachane kidogo. Wewe ining'inize rula kati ya vidole vyake, sifuri ikiwa chini, usawa wa vidole. Usimwambie lini utaiachia. Iachie. Aidake. Akiidaka penye sentimita 10, amechukua sekunde 0.14. Penye 20, sekunde 0.20. Penye 30, sekunde 0.25. Rudieni mara kumi mtafute wastani, maana mara moja haitoshi. Andika kila namba, hata ile isiyokupendeza. Mjaribu akiwa ametulia, mjaribu akiwa anasimulia jambo, mjaribu kwa mkono wa kushoto.

Halafu mpe yeye rula, nawe uweke mkono wako ukingoni mwa dawati.